Kengele Niliyoiita Dawa

Nasali. Haya, nimesema. Kila siku saa sita mchana, popote nilipo, nasimama na kusali sala ya Malaika wa Bwana, na kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu nimekana mbele ya kila aliyeniuliza, akiwemo padri mmoja.

Tabia hiyo niliipata shule ya bweni ya masista, hapa hapa bondeni. Kengele ya mchana ikilia, unasimama. Ukiwa na ndoo kichwani unasimama nayo, maji yanakuchuruzika shingoni, mpaka sala iishe. Kisha nikaenda chuo kikuu, nikasoma vitabu vya watu waliomkasirikia Mungu, nikarudi likizo nikitangaza kwamba mambo ya kengele nimeyaacha kwenye geti la masista. Nilitangaza kwa sauti kubwa mno, nikashindwa kurudi nyuma. Tatizo ni kwamba miguu yangu haikusoma vile vitabu. Saa sita ikifika, inasimama yenyewe.

Basi nikajifunza ujanja. Mlabani ninakoishi, nikisikia kengele ya kanisa najifanya natafuta miwani. Shambani kwangu Mchombe, ambako kengele haifiki, nilitega alamu ya simu, na ili mtu akichungulia asijue, nikaipa jina: Dawa. Nilijiona mjanja kweli.

Mwaka huu, wakati wa kuvuna mpunga, nilikuwa na jirani yangu wa shamba, mama wa Kisukuma ambaye familia yake ilikuja na ng'ombe ikanogewa na mpunga. Simu ilipotetemeka nilisimama, mundu mkononi, macho kwenye milima, midomo ikicheza. Sijafika katikati ya sala nikasikia harufu kali ya mpira na matope. Alikuwa amevua kandambili yake na kunibandikia puani.

"Mwalimu! Vuta pumzi! Vuta!"

"Unafanya nini wewe?"

"Kifafa hakipendi harufu hii. Usione haya, mwalimu. Kila siku mchana nakuona unavyoganda. Nasema leo ataanguka, kesho ataanguka."

Neno moja tu lingetosha, tungecheka na kuendelea kuvuna. Nikasema, "Ni jua hilo."

Jumamosi mdogo wangu wa kiume, anayefanya kazi kwenye mashamba ya miwa, akaja nyumbani. Yule jirani alikuwa amempigia, akamweleza ninavyoganda kila simu inapotetemeka mchana.

"Shikamoo, dada," alisema kwa sauti ya msibani. Kabla sijamaliza kuitikia alikuwa ameshaokota simu yangu mezani na kufungua alamu. "Dawa. Kila siku mchana. Dawa ya nini?"

"Vitamini."

"Vitamini nazo zinafichwa?"

Akaanza kutaja magonjwa, moja baada ya jingine, polepole, akinitazama usoni aone ni lipi litanishtua. Mengine siwezi hata kuyaandika hapa. Lakini hakuna lililonishtua kama alichosema mwishoni.

"Binti yako tumemwambia. Anaahirisha chuo, arudi akuuguze."

Nikakaa chini. Sina mtoto mwingine. Yuko Dodoma, mwaka wa mwisho wa sheria, amebakiza mitihani tu.

"Mmemwambia nini?"

"Ukweli. Kwamba unaumwa na unaficha."

Nilipigwa na butwaa, na si kwa ajili ya mdogo wangu. Masista walitusisitizia mambo mawili: kengele ikilia simama, na usiseme uongo. Nilikuwa nimelishika la kwanza miaka yote kwa kulivunja la pili, na sasa mtoto wangu alikuwa anafunga vitabu vyake kwa sababu mama yake, msomi, anaona haya kuonekana anasali. Na hata hapo, naapa, nilikuwa bado natafuta jina la vitamini.

Simu ikaita mkononi mwa mdogo wangu. Akanipa.

"Shikamoo, mama. Nimeshafungasha. Jumatatu napeleka barua ya kuahirisha, jioni yake nakata tiketi."

"Marahaba. Usipeleke barua yoyote, mimi mzima."

"Mama, usinifanye mtoto. Mjomba ameniambia unavyoganda."

Nikafungua mdomo nimweleze. Kengele ya kanisa ikalia.

Miguu ikasimama. Ulimi ukakwama.

"Mama? Mama! Jamani, ameganda! Mjomba, mshike!"

Mjomba alikuwa tayari anavua kiatu.

Sikuwa na miwani ya kutafuta, nilikuwa nimeivaa. Nikasema kwa sauti, mbele ya watu, kwa mara ya kwanza tangu shule: "Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria."

Mdogo wangu akabaki na kiatu mkononi. Nikangoja. Binti huyu nilimpeleka kwa masista wale wale, nikiwaambia marafiki zangu kwamba ni kwa ajili ya nidhamu tu.

"Naye akapata mimba kwa uwezo wa Roho Mtakatifu," akaitikia, kwa hasira, kama anayeitika jina lake darasani siku ya adhabu.

Tukaenda nayo hadi mwisho, yeye akivuta kamasi.

"Kwa hiyo ile alamu aliyosema mjomba ni ya hii?"

"Ni ya hii."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Mama, nimelia tangu juzi."

"Najua. Nisamehe, mwanangu."

"Hujui." Nikasikia zipu ikivutwa. "Natoa nguo kwenye begi," akasema, akakata simu.