Alamu Asiyoisikia Shaib

Kwa miaka kumi na tisa Shaib Hamad aliendesha foklifti kwenye ghala la katani huko Pongwe, na hakuwahi kuanza kazi bila kuikagua. Kila asubuhi aliinama kuangalia kama mafuta yamevuja, akashika mnyororo, akapapasa uma wa kuinulia mzigo kutafuta ufa. Kisha alipanda, akajaribu breki, honi na alamu ya rivasi, ile inayolia mashine ikirudi nyuma. Mwisho alijaza fomu na kutia sahihi.

Mwaka jana masikio yakaanza kumwacha. Mkewe, Mwatima, ndiye aliyegundua, nyumbani kwao Makorora.

"Baba Tuhfa, nakuita mara ya tatu hii!"

"Uchovu tu," alijibu.

Kazini alinyamaza. Honi aliijua kwa kuona watu wakigeuka. Alamu ya rivasi aliitia tiki kwa mazoea, maana haikuwahi kuharibika.

Jumanne moja alikuwa akirudi nyuma na robota, mzigo wa katani iliyofungwa, kutoka kwenye rundo. Lea, karani wa mizani, alikuwa ameinama akisoma namba, ameipa mashine mgongo. Shaib alikuwa akitazama upande wa pili. Alichoona ni Uweso, mpakiaji, akirusha mikono, mdomo wazi. Akakanyaga breki. Mashine ilikuwa imeshamgonga Lea begani. Akaanguka, akavunjika mkono wa kulia.

Lea alipokwisha kupelekwa hospitali, fundi aliifungua mashine akakuta waya wa alamu umekatika. Methusela, msimamizi wao, akaja na fomu mkononi. Tiki ilikuwapo.

"Mzee, asubuhi ililia?"

Shaib alimtazama midomo, akaelewa. "Ililia."

"Basi waya umekatika baadaye, mashine ilipogonga. Nitaandika hivyo."

Siku mbili Shaib hakula vizuri. Siku ya tatu akaenda nyumbani kwa Lea. Alimkuta ameketi barazani, mkono umefungwa plasta.

"Shikamoo mzee. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

"Nimeshapoa. Lakini nisamehe, nimekuletea balaa. Wamesema alamu ilikuwa nzima asubuhi ile. Labda ililia, mimi sikusikia. Nimemwambia Methusela nilizembea."

Shaib alimwomba arudie, kwa sauti kubwa. Lea akarudia. Safari hii alisikia kila neno.

"Lea, asiyesikia ni mimi. Ile alamu sijaisikia tangu mwaka jana. Nilitia tiki tu."

Lea alishusha macho kwenye plasta, kisha akasema, "Kamwambie Methusela, mzee. Mimi nimeshaandikisha kosa ambalo si langu."

Shaib alitoka pale moja kwa moja hadi ghalani, akasema yote. Methusela alikasirika, kisha akamwonea huruma, na ile huruma ndiyo iliyomuuma Shaib zaidi. Maelezo ya Lea yalifutwa. Daktari alimpima Shaib masikio, akamkataza kuendesha. Siku hizi anagawa glavu na buti stoo, na mashine inakaguliwa na watu wawili: mmoja juu ya kiti, mwingine amesimama nyuma akisikiliza.

Lea alirudi kazini baada ya wiki tisa. Mkono haujanyooka sawasawa, na namba anaziandika polepole. Akija kuchukua glavu humwamkia Shaib kwa heshima kama zamani, lakini hakai kuzungumza.