Nilichezea misa pa garage ya papa, sasa miye mwenyewe sielewi

Wakuu, jambo kutoka Lubumbashi. Hii ni ya kweli tupu. Mashahidi ni papa na moteur moja, injini ya kamionette, na moteur haijui uongo.

Miye bado niko masomoni, na Jumapili, dimanche, natumikia altareni, niko acolyte. Musicheke. Niliingia sababu ya biskuti za kisha misa, nikabakia sababu ya kengele. Unapiga kidogo tu, bantu wote wanainamisha kichwa, hata directeur wa masomo yetu!

Bon, twende pa garage.

Papa ni fundi hapa Kampemba, pamoja na Papa Kalenga, parrain wangu wa ubatizo. Papa anajua moteur. Parrain ndiye mwenye palan, ule mnyororo wa kuinulia moteur.

Siku moja Parrain akamwambia papa kwamba amefunga joint vibaya, kile kizibo cha kuzuia mafuta yasivuje. Mbele ya client, wakuu. Mbele ya client!

Tangu hapo hawakusemeshana. Miye nikawa telefone.

— Mwambie ule muntu anipatie clé ya douze, ile spana, papa anasema.
— Mwambie naye iko na mikono, Parrain anajibu.

Na wamesimama bega kwa bega.

Nikaanza kutia chumvi yangu: "Parrain, papa anasema leo umependeza." Papa akanitupia kitambaa cha mafuta usoni.

Lakini kicheko kiliisha. Parrain akatangaza kwamba Jumatatu anahamia Mokambo, kule mpakani malori ni mengi, na palan anaenda nayo. Papa akajibu kupitia miye: "Mwambie safari muzuri."

Nyumbani mama akaacha kuimba akipika. Fundi bila palan atainua moteur na meno?

Jumamosi ikabaki moteur ya mwisho. Mnyororo umefungwa, Parrain ameushika, papa anaongoza. Lazima mmoja aseme "vuta". Hakuna anayesema. Wanaangalia moteur kama maiti.

Hapo ujinga ukanipanda. Nikachukua clé na jante ya zamani, chuma cha gurudumu, kuwa kengele yangu, nikavaa sauti ya Abbé, padri wetu:

— Bandugu, hakuna sadaka mbele ya amani!

Kwa wa mbali: kwetu Congo misa iko na mpango wake. Tunaomba msamaha, tunapeana amani, kisha ndiyo sadaka inapelekwa altareni. Kama uko na neno na jirani, unalimaliza kwanza.

— Mupeane amani, nikaongeza, mguu mmoja tayari uko barabarani.

Nikangoja kitambaa. Hakikuja.

Papa akanyoosha mkono, vidole amevikunja chini. Mafundi wanasalimiana vile mikono ikiwa michafu: unatoa kifundo cha mkono, hutoi kiganja. Parrain akagusisha kifundo chake.

— Joint ilikuwa muzuri, Parrain akasema.
— Hapana. Ilikuwa mubaya. Vuta.

Moteur ikapanda. Mkono wangu ukapiga jante wenyewe, ngee! Na wale wazee wawili wakainamisha kichwa. Mbele ya moteur!

— Wee mutoto, ukichezea misa tena nitakupiga, papa akasema.
— Lakini amepiga muzuri, Parrain akajibu.

Kesho yake kanisani, wakati wa amani, nikamuona papa anaacha benchi lake, anamufuata Parrain. Shati jeupe, mikono imesuguliwa sabuni. Akamutolea kifundo! Na Parrain naye kifundo.

Nikabaki na hilo kichwani mpaka Abbé akainua hostia, kanisa kimya, kengele hakuna, miye nimeisahau. Jicho alilonipiga, wakuu…

Funzo? Ningelijua ningeliwapa. Miye nilitania tu. Mzaha unaweza kuwa sala bila mwenyewe kujua? Ama wale wazee walifanya kwa mazoea, vile goti linajikunja lenyewe ukiingia kanisani? Na kama ni mazoea tu, mbona palan ingali inaning'inia pa garage?

Wenye kuelewa liturujia, munielezee polepole. Wenye kutaka kunitukana, mupitie kwa Parrain. Sasa yeye ndiye telefone.