Nembo ya Mama Vifuniko

Mama Vifuniko ndiye huyu: binti wa fundi aliyeshona mashati kwa mkono mmoja yakayashinda ya wenye miwili, mjukuu wa msuka kamba ambaye kamba yake ilimtoa ng'ombe kisimani akiwa hai. Yeye mwenyewe aliivisha mitaa mitatu, harusi na misiba, kwa cherehani ya kukanyaga. Ukoo wa kazi, si wa maneno.

Jina hilo la Vifuniko alilipata ukubwani, na chanzo chake ni mume.

Mume alikata nguo, mke akashona. Kwenye kitambaa cha mlangoni, na ndani ya kila ukosi uliotoka chumba chao cha kushonea, zilitariziwa herufi zao mbili, B ya mke na L ya mume, zikitumia fimbo moja. Mguu wa L ulinyooka chini kama mkeka, B ikaukalia. Kisha mume akaenda mbali kutafuta kazi. Akaipata, akapata na nyumba nyingine. Mke akaendelea kutarizi herufi mbili, mwaka nenda mwaka rudi. Akiulizwa, husema, "Yuko safarini."

Siku moja wifi yake, mdogo wa huyo mume, aliyekuwa akishona naye chumba kimoja, akashindwa kunyamaza.

"Wifi, safari gani hii? Kaka kafungua duka huko. Kaweka na bango. L peke yake, kubwa kama mlango!"

"Umeliona?"

"Kwa macho yangu haya. Na wewe bado unamtandikia mkeka kwenye shingo za watu."

"Toka hapa na mdomo wako."

"Nitoke, halafu cherehani ya pili akanyage nani?"

Wakacheka, ila kicheko cha mke kilikatika njiani.

Kesho yake akavuka barabara kwa mzee mchora mabango, amfundishe kuchora nembo ya herufi moja. Mzee hakumpa hata brashi. Alimtuma akaokote vifuniko, vya chupa na vya makopo, alete na kasha la kiberiti.

"Herufi zote zimo humu, mama. Mduara, mstatili, na mstatili ukiukata kona kwa kona, pembetatu. Zungushia penseli, kata, panga. Kingine usichore."

Mtaa ukamwona anainama kuokota vifuniko, jina likamganda.

Lakini kuacha hakujui. Alipanga B, akaongeza ua, akaongeza sindano, na nyota mbili juu.

"Hii nembo au bustani?" mzee akauliza.

"Hapo chini pamebaki patupu."

"Paache."

"Panaonekana kama kuna mtu kaondoka."

Mzee alifuta brashi yake. "Patupu napo ni umbo, mama. Ukipajaza, jicho linakosa pa kupumzika."

Akarudi chumbani kwake, kwenye kitanda ambacho bado alilalia upande wa ukutani tu. Akazungushia kifuniko kwenye karatasi, akaukata mduara katikati, nusu juu, nusu chini. Fimbo akaisogeza kushoto kidogo, isiziguse. Akaibandika nembo mlangoni, akavuka barabara kuitazama, akafumba jicho nusu kama alivyofunzwa.

B ilisimama. Bila mkeka, bila mtu. Hilo ndilo lililomchoma. Moyoni alitaka ianguke, apate sababu ya kuurudisha mguu.

Mapazia ya nyumba ya wageni yalikuwa yakingoja alama. Akatunga uzi, akaanza. Kufika chini, akaona sindano imeshapiga hatua za mguu wa L, yenyewe, kama punda ajuaye njia ya nyumbani. Akafumua. Akaanza upya, ikaenda kulekule. Akafumua tena, akamsukumia wifi yake kitambaa.

"Shika. Kuanzia leo alama unashona wewe."

"Mimi? Nembo yako mwenyewe?"

"Mkono wangu umezoea kwingine. Sikiliza: kati ya fimbo na hizi nusu, acha nafasi ya nyuzi mbili. Na hapa chini usiweke kitu. Hata nikikuomba."

"Hata ukilia?"

"Hata nikilia, wifi. Haya, shona."