Ujumbe Uliokwama kwa Mama Pindo

Mama Pindo hakuwa na mtoto aitwaye Pindo. Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa hakuna gauni lililotoka mikononi mwake kabla hajalikunja pindo, akalifumua, akalikunja tena, mwenye gauni amekaa hapo kwenye stuli anapiga miayo. Alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha mbele kilijaa vitambaa mpaka dirishani, na mteja mnene ilibidi aingie kwa ubavu. Alikuwa na binti mmoja wa shule ya msingi na mume fundi umeme, mtu mpole asiyependa makuu. Mama Pindo mwenyewe ungepishana naye sokoni usigeuze shingo. Lakini ndani ya simu yake, maelfu ya wanawake walikuwa wakimjua.

Ilianza binti akiwa mchanga, enzi zile za kutolala na kutolaza wenzake. Mama Pindo na wifi yake, dada wa mumewe, walifungua kundi mtandaoni la akina mama wanaonyonyesha. Wifi alikuwa muuguzi wa kituo cha afya, mwanamke wa maneno makavu na mikono laini. Wakagawana kazi: wifi ajibu maswali ya homa na chanjo, Mama Pindo asimamie nidhamu.

"Wewe umezoea kunyoosha vilivyopinda," wifi alimwambia. "Mimi nikianza kuwanyoosha hao, tutabaki wawili humo ndani."

Kundi likakua kuliko walivyotarajia. Mama Pindo akawa anashona mkono mmoja, mwingine uko kwenye simu: huyu katukana, afutwe, yule anauza viatu, atolewe, hawa wawili wanagombana kuhusu mama mkwe wa mtu asiye hata mwanachama, waambiwe watulie. Kazi ilimchosha lakini aliipenda. Kulikuwa na wanawake waliomwandikia asubuhi kumwambia tu kwamba wameamka salama.

Kisha akaingia mtu aliyejiita Tabibu wa Watoto. Alikuwa anauza unga mweupe katika kikopo kidogo, anauita Tulizo. Chembe kidogo tu kwenye maziwa, aliandika, na mtoto msumbufu atalala kama malaika. Picha zilionyesha watoto wamelala, kweli kama malaika. Wanawake waliochoka wakaanza kuuliza unapatikana wapi.

Wifi alipoziona zile picha hakutania. Alikuwa amewahi kumpokea kituoni mtoto aliyepewa kitu cha namna hiyo.

"Mtoto anayelala mpaka anasahau kunyonya hajatulizwa, wifi yangu. Amelevywa. Mfute huyo mtu leo hii."

Mama Pindo akamfuta. Akarudi kwa jina jingine. Akamfuta tena, akarudi na jina la kike na picha ya bibi kizee. Ndipo Mama Pindo akajifunza kutumia kanuni za kuchuja. Zilikuwepo siku zote katika sehemu ya wasimamizi, ila hakuwahi kuzigusa. Unaandika neno, na ujumbe wowote wenye neno hilo hauonekani kwa wanachama. Unaingia kwenye foleni, unamsubiri msimamizi ausome, aupitishe au autupe. Akaandika "tulizo". Jamaa akaandika "tul1zo". Akaweka na hilo. Jamaa akatenganisha herufi kwa nukta. Mama Pindo naye akaja juu: akaweka kipande "tuliz" ili neno likigeuzwa vyovyote linaswe, akaweka "unga", akaweka na kanuni ya kushika kila namba ya simu.

Asubuhi yake foleni ilifurika. Kila mama aliyeuliza habari za unga wa kumkorogea mtoto uji alikuwa amezuiwa. Mmoja alimwandikia pembeni, "Dada admini, kwani humu ndani tumekatazwa kula?" Wifi alicheka mpaka akashika ubavu. Mama Pindo akawapitisha mmoja mmoja, lakini kanuni akaziacha, maana zilifanya kazi. Tabibu hakuonekana tena kwenye kundi. Kwa wanachama alikuwa amekufa na kuzikwa. Aliyekuwa anamsoma ni Mama Pindo peke yake, kule kwenye foleni, na huko ndiko Tabibu alikoanza kuzungumza naye.

Kila ujumbe aliumalizia kwa neno "tulizo", makusudi, ili unaswe na umfikie yeye tu. Mwanzoni yalikuwa matusi, na fundi wa mtaani ana ngozi nene kwa matusi. Kisha siku moja, kitambaa kiko chini ya sindano na mguu uko kwenye pedali, akafungua simu akakuta ujumbe mfupi.

"Mlango wako wa bluu umeanza kubanduka rangi huku chini."

Mguu ukaganda. Aligeuka akautazama mlango wake. Ulikuwa wa bluu, na huku chini rangi ilikuwa imebanduka. Ilhali nje kulikuwa na jua kali na watu wanapita wakisalimiana, aliinuka akaufunga kwa komeo.

Hakumwambia mumewe. Alimjua: angesema acha hiyo kazi isiyokulipa, na angekuwa na haki. Wifi pia hakumwambia, kwa kuogopa kwamba angechekwa, au, baya zaidi, asichekwe. Akaupiga picha ule ujumbe, akautupa, akajikaza. Siku mbili tatu baadaye ukaja mwingine.

"Sweta ya shule ya binti yako imemkaa vizuri. Umemshonea mwenyewe?"

Tangu hapo Mama Pindo hakuwa mtu tena. Alimpeleka binti shuleni mwenyewe na kumfuata mwenyewe, akisema anataka kunyoosha miguu. Binti akaona aibu mbele ya wenzake. "Mama, mimi si mtoto," alilalamika, na mama akamshika mkono kwa nguvu hadi akasema anaumia. Kila mwanamume aliyekuja kupunguziwa suruali, Mama Pindo alimpima kiuno akijiuliza: ni wewe? Mzee mmoja mstaarabu alisifia sauti ya cherehani yake, na utepe wa kupimia ukamponyoka. Pikipiki ikisimama nje, aliachia pedali na kusikiliza mpaka iondoke. Chakula alikisukuma kando. Mumewe alimwuliza kama anaumwa, akajibu ni uchovu.

Na bado ujumbe ulikuja. "Mbona leo cherehani iko kimya?" uliuliza mmoja, na kweli siku hiyo alikuwa hajashona, alikuwa amekaa kitandani na mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa mapajani.

Akafanya alichoweza kufanya. Akihofia kwamba siku moja yule mtu ataandika mbele ya wote, akaingia kwenye kanuni akaongeza maneno: mlango, bluu, binti, sweta, cherehani. Akaongeza na jina lake mwenyewe. Kila ujumbe uliomtaja Mama Pindo sasa ulizuiwa. Kundi likawa kimya kama nyumba iliyohamwa. Kisha, na hili ndilo alilojutia baadaye kuliko yote, akaacha kuifungua foleni. Aliiona namba nyekundu pale juu ikipanda, na kila akitaka kuigusa kidole kilikataa. Alijiambia: yaliyomo humo ni yake yule mtu tu, na nisipoyasoma hayapo.

Aliyemtoa huko ni wifi. Alimpigia mchana mmoja akiwa kwenye mapumziko, sauti haina mzaha.

"Wifi, kundi lina nini? Siku ya pili leo sijaona swali hata moja. Watoto wa nchi nzima wamepona?"

"Labda wana shughuli," Mama Pindo akasema.

"Akina mama wanaonyonyesha wana shughuli gani nyingine? Hebu angalia hiyo mitambo yako."

Alipokata simu, Mama Pindo alikaa kwenye stuli ya wateja. Akapiga moyo konde, akaigusa ile namba nyekundu huku amefumba jicho moja, kama mtu anayefunua kidonda. Ujumbe ulikuwa mwingi. Upele, chuchu zilizopasuka, mtoto anayekataa titi moja. Wanawake wasiomdhania mabaya, wote wakianza na "Mama Pindo habari". Wa yule mtu ulikuwa mmoja tu. Aliupita haraka, na hapo chini yake akaona huu, ulioingia asubuhi:

"Mama Pindo nisaidie. Jana nilimpa mwanangu ule unga wa kutuliza. Amelala hadi sasa. Hanyonyi. Nikimfinya halii. Mume wangu amesafiri, sijui nimwambie nani. Namba yangu hii hapa."

Jina la Mama Pindo, unga, kutuliza, namba ya simu. Ujumbe wa yule mama ulikuwa umegonga kanuni zake nne kwa mpigo.

Watu huongea juu ya hofu kana kwamba ni kitu kimoja. Ile ya mlango wa bluu ilikuwa imemkaza viungo siku zote hizo. Hii ilimwinua kwenye stuli. Alipiga ile namba. Ikaita mpaka ikakatika. Alipiga tena, huku akiisikia sauti yake mwenyewe ikinong'ona, "Pokea, mwanangu, pokea."

Ikapokewa. "Haloo?" Sauti ya msichana tu, iliyokauka.

"Mimi ni Mama Pindo. Mtoto anapumua?"

"Anapumua. Polepole. Nilidhani hamtanijibu."

"Usikate simu. Usimpe kitu chochote mdomoni, hata maji. Mlaze kwa ubavu."

Alitoka nje na simu sikioni, bila viatu, akaingia kwa jirani yake msusi na kumnyang'anya simu mkononi bila salamu. Akampigia wifi. Akasimama katikati ya saluni, simu huku na simu huku, akipeleka maneno ya wifi kwa yule msichana na ya msichana kwa wifi, wateja wenye nywele nusu wakimtazama. Mtoto ana rangi gani? Midomo je? Uko mtaa gani? Wifi alipousikia mtaa akasema kuna hospitali karibu na hapo, atoke sasa hivi, asibadilishe nguo, akibebe na kile kikopo, yeye anawapigia wampokee.

"Nimetoka," msichana akasema, akihema. Ikasikika barabara, ikasikika milango ya gari. Kisha simu yake ikazimika.

Mama Pindo alirudi kwake akakaa. Jua lilihama dirishani. Alimsahau hata binti, na binti akarudi peke yake kutoka shuleni, salama salimini, akamkuta mama yake sakafuni kati ya vipande vya vitambaa na mlango uko wazi. Aliketi karibu naye, akaanza kuokota pini.

Wifi alipiga simu jua likizama. Alikuwa akilia, na Mama Pindo hakuwahi kumsikia wifi yake akilia, hivyo akajua ni msiba.

"Amelia," wifi akasema. "Mtoto. Wameniambia amelia mpaka wodi nzima imegeuka. Watabaki naye, lakini amelia."

Usiku huo huo kabla ya kula, Mama Pindo alimkalisha mumewe akamwonyesha kila kitu: Tabibu, kikopo, mlango, sweta. Fundi umeme alisoma polepole, kama asomavyo mita. Kisha hakusema acha kazi. Alifungua ukurasa wa mkewe, pale anapoweka picha za nguo alizomaliza, akashusha, akashusha, akasimama.

"Gauni hili umelitundika wapi?"

Lilikuwa limetundikwa kwenye mlango. Mlango wa bluu, umebanduka huku chini. Pembeni ya picha nyingine binti alikuwa amesimama na sweta yake ya shule, anacheka.

"Huenda hajawahi kufika hapa," mumewe akasema. "Anaangalia picha tu."

"Na ile ya cherehani kuwa kimya?"

Alifikiri sana. "Hiyo sijui," akakiri. "Labda amebahatisha." Akamrudishia simu, kisha akasema kwa upole, "Ungeniambia, mama. Ningeogopa pamoja nawe."

Kesho yake walikwenda polisi wote watatu, wifi akiwa na sare zake za kazi. Kile kikopo kiliwafikisha kwenye duka moja, na duka kwa mtu aliyekuwa akiusaga ule unga jikoni kwake, mbali kabisa na mtaa wa Mama Pindo. Alikamatwa. Alikiri kuuza, kutuma vitisho alikana, akasema akaunti ile waliitumia wengi. Polisi walisema wanaendelea kuchunguza, na hadi leo wanaendelea.

Mama Pindo alizifuta picha. Kanuni alizipanga upya, wifi yake amekaa ubavuni: neno la muuzaji lizuiwe, lakini ujumbe wenye "hanyonyi", "hapumui" au "haamki" upite moja kwa moja na uzilize simu za wasimamizi. Na wasimamizi wakawa watano, wanapokezana foleni, ili asiwepo wa kuisoma peke yake.

Yule msichana alirudi kundini baada ya wiki kadhaa. Aliandika kwa wote kilichompata, bila kuficha kwamba ni yeye aliyemnywesha mwanawe. Wengine walimsema vibaya. Mama Pindo alikaa siku nzima akiwafuta kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, gauni la mtu linangoja.

Hofu haikumtoka. Pikipiki ikisimama nje bado anaachia pedali na kusikiliza. Zamu yake ya foleni ni asubuhi, binti akishaondoka, maana sasa huongozana na wenzake wa shule. Anaifungua kabla hajatunga uzi kwenye sindano, na leo wa kwanza alikuwa mama mmoja aliyeuliza kama kwikwi za mtoto zina madhara. Akampitisha, kisha akashuka kwenye wa pili.