Sare Iliyokwama Ndani ya Mashine

Mimi sikusoma. Niliachia darasa la sita, na leo nina mashine za kusaga unga Kitale, na nyingine pale Chwele, na wale walionipita shuleni ndio wananisalimia kwanza tukikutana barabarani. Nalisema hili mapema ili mtu asiulize huyu alijuaje mambo ya mota. Mota ni mota. Ya kusaga mahindi na ya kufua nguo zinalia lugha moja, na lugha hiyo nilijifunza Kitale nikilala juu ya magunia ya mwenye mashine, nikiwa kibarua wake. Mashine hiyo baadaye niliinunua kutoka kwake. Nikavunja nyumba yake nikajenga stoo.

Mashine ya kufua nguo nilimnunulia mama yangu wa kambo. Watu wa kwetu Bungoma walisema, ona, huyu ana moyo, analipa mabaya kwa mazuri. Wacha waseme. Mimi sikununua kwa moyo.

Mama aliyenizaa alikufa nikiwa mdogo, baba akamleta huyu. Nguo za boma lote zikawa zangu. Nguo ndogo si kazi, kazi ni blanketi. Blanketi likishalowa ni zito kuliko mtoto anayelifua, na kulikamua kunataka watu wawili, kila mmoja ashike upande wake. Mimi nilikuwa peke yangu. Nilikuwa nafunga upande mmoja kwa mpera ulioko kando ya mto, upande wa pili nazungusha na fimbo mpaka mikono inakufa ganzi. Nikifika nyumbani yeye analianika, anaweka sufuria chini yake, halafu anakaa kwa kigoda anasikiliza. Likidondosha maji, ugali wangu anapewa mbwa. Na mbwa wetu alikuwa mnono, bana. Wageni walikuwa wanamsifu.

Basi nilipopata, nilienda kwa duka Kitale nikasema nataka ile kubwa kuliko zote. Niliipeleka mwenyewe kwa pikapu, mchana, watu waone. Nilitaka kila ikizunguka imkumbushe mimi. Yeye akaiweka sebuleni karibu na televisheni, akaifunika na kitambaa cha kushona kwa mkono, akaweka juu picha ya marehemu baba. Akasema, "Mungu ametenda." Mungu peke yake. Jina langu halikupita mdomoni.

Sasa hii ya sare ilitokea Jumapili moja, mwaka huu huu. Siku hiyo mama alikuwa anaapishwa kuwa mwenyekiti wa kina mama kanisani. Cheo hicho alikingoja tangu baba akiwa hai. Kanisa lao lina sheria moja haina mjadala: asiyevaa sare haapishwi, cheo anachukua makamu. Na mimi nilikuwa mgeni wa heshima, kwa sababu mabati yaliyo juu ya hilo kanisa ni yangu. Nilitoka Kitale asubuhi na mapema, nimevaa suti, nikitaka nifike kwake kwanza anione.

Nilimkuta amejifunga leso, amesimama mbele ya mashine kama mtu anayengoja ofisi ifunguliwe. Bibi ya ndugu yangu wa kambo, ambaye anaishi na mama pale maana bwana yake anafanya biashara Lwakhakha, alikuwa amepiga magoti anavuta mlango wa mashine.

"Mama, bado hujavaa?"

"Nivae nini? Nguo iko kwa tumbo la hiki kitu chako."

Ikiwa nzima ni ya Mungu. Ikiharibika ni yangu.

Niliinama nikaangalia kwa kioo. Sare ilikuwa hapo ndani, nyeupe, na kitambaa chake cha kichwa cha buluu, vinaelea kwa maji.

"Imefua vizuri tangu jana, shemeji," bibi ya ndugu yangu akasema. "Imefika mahali pa kukamua ikakataa. Mlango nao haufunguki. Nimezima, nimewasha, nimeiombea."

"Umeiombea?"

"Si Mama ndiye ameniambia niiombee."

"Huyu ndiye ameiua," mama akasema. "Kwao hawana hata karai, atajua mashine?"

Yule dada, bibi ya ndugu yangu, akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyezoea.

Nilivua koti. Nikaangalia stima, iko. Nikauliza kama wameweka blanketi, kwa sababu blanketi moja likilowa linajikusanya upande mmoja, mashine inaogopa kuzunguka. Wakasema hapana, ni sare na shuka na vitambaa vya makochi. Nikaisukuma nione kama inayumba, ikasimama imara kwa miguu yake yote. Basi nikageuza swichi mahali pa kukamua, nikaweka sikio.

Mota ilikuwa kimya. Lakini chini kabisa nilisikia pampu inanguruma, inasukuma, inasukuma, kama mtu aliyefungiwa mlango kwa nje. Hapo nikajua. Mashine ya namna hii haikamui ikiwa na maji tumboni. Lazima iyatoe kwanza. Na maji hayana njia.

Nikazunguka nyuma. Paipu ya kutoa maji ilikuwa imefungwa na mpira wa tyubu ya baiskeli, umezungushwa na kuzungushwa, ncha imechomekwa ndani mara mbili. Fundo hilo nililijua kabla sijajua kuandika jina langu. Ndilo alilokuwa anafungia mkebe wa sukari nisiguse.

"Nani amefunga hii paipu?" nikauliza polepole.

"Mama," yule dada akasema. "Alisema inavuja, inamharibia kapeti."

Basi. Kisu kilikuwa mfukoni mwangu. Kukata mpira ule, mashine imwage maji, ikamue, sare ipigwe pasi: angefika kanisani na nafasi ya kusalimia watu mlangoni. Nilisimama, nikapangusa magoti ya suruali, nikaketi kwa kochi la baba.

"Umeona ugonjwa?" mama akauliza.

"Nimeona."

"Basi tibu."

"Wacha kwanza ninywe chai."

Alimtuma yule dada chai. Kengele ya kwanza ya kanisa ikalia. Niliipuliza ile chai kama niko na siku nzima. Mama alisimama tu na leso yake, na kwa mara ya kwanza maishani niliona hajui mikono aiweke wapi. Nitasema ukweli, ile chai ilikuwa tamu.

"Mama," nikasema, "mwambie huyu bibi ya mwanao vile nilikuwa nakamua blanketi."

"Blanketi gani?"

"Zile za mtoni. Mwambie na habari ya mbwa."

"Hayo ni ya zamani. Kila mtoto wa boma hili alifua."

"Wako hawakufua."

"Walikuwa wadogo."

"Wadogo? Bwana ya huyu si tulitahiriwa naye siku moja?"

Yule dada aliangalia chini.

"Sitaki mambo mengi," nikasema. "Sema pole. Neno moja, huyu akisikia. Ukisema tu, utavaa sare yako."

"Mama, sema," yule dada akasema. "Ni neno tu. Watu wanangoja."

"Wewe nyamaza."

Halafu akavuta kigoda, akaketi mbele yangu, magoti yetu karibu yagusane. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Pole ya nini? Wewe ungeshiba hapa ungekuwa nani? Angalia wanangu. Niliwashibisha. Mmoja anasukuma baiskeli ya maboga pale Lwakhakha, wengine hata sitawataja. Wewe niliyekunyima ndiye uko na pikapu. Njaa yangu ndiyo ilikupeleka Kitale. Unajisifu kila mahali ati ulijitengeneza. Ni mimi nilikutengeneza. Wewe ndiye unafaa useme asante."

Na yule dada alikuwa anasikia jinsi bwana yake anavyotajwa.

Mimi nimetukanwa na madereva wa malori, nimetukanwa na watu wa benki, nikacheka. Hii haikuchekesha. Kwa sababu kile nilicho nacho, hata kama ni kidogo kwa macho ya Mungu, ni changu, nilikitoa kwa magunia na mgongo wangu. Na huyu mwanamke amekosa sare, amebakiwa na leso, bado ananyoosha mkono anataka kukichukua.

"Basi itakaa hivyo hivyo," nikamwambia.

"Ikae."

Kengele ya pili ikalia. Aliingia chumbani akatoka na gauni la kijani analoendea sokoni Chwele, amejifunga kitambaa cha kawaida. Nikasema pikapu iko. Akapita kando yake akashika njia kwa miguu, Biblia kwapani, mgongo umenyooka kama wa msichana.

Yule dada alibaki mlangoni. "Shemeji, si uiponye tu? Jioni atasema ni mimi niliiua."

"Atasema," nikamwambia. "Hata mimi alikuwa ananisema."

Kanisani nilikaa kiti cha mbele. Wakati ulipofika wakamwita. Akatoka katikati ya wale wanawake wa nyeupe na buluu, yeye peke yake wa kijani. Mchungaji akainama akamuuliza, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi, tukasikia wote.

"Mama, sare iko wapi?"

"Imelowa."

Hilo tu. Hakutaja mashine, hakunitaja mimi, hakumtaja hata mke wa mwanawe. Nilikuwa nimejiandaa anitaje. Nilikuwa na majibu. Mchungaji akaangalia wazee, wazee wakaangalia sakafu, akamwita makamu. Makamu alikuja anakimbia, viatu vyake vinalia. Akavishwa utepe, watu wakapiga makofi, mimi pia nikapiga. Mama alirudi mahali pake akaimba wimbo uliofuata mpaka watu wa mbele wakageuka kumwangalia. Halafu nikaitwa nisalimie. Niliongea muda mrefu kuhusu mahali nilipotoka. Nilipoangalia upande wake alikuwa anatafuta kitu kwa kurasa za Biblia.

Sikungoja chakula. Nilirudi nyumbani mbele yao, nikaenda nyuma ya mashine, nikakata ule mpira. Maji yakaruka yakalowesha kapeti na viatu vyangu. Mashine ikakohoa, ikaanza kuzunguka, kwanza pole, halafu ikawa inalia kama pia ya watoto, picha ya baba inatetemeka juu yake. Nilitoa sare nikaianika kwa kamba ya mbele, upande wa njia, ili wanawake wakitoka kanisani waione.

Na waliiona. Mama alikuja nao, akaagana nao langoni mmoja mmoja bila haraka, halafu akaja kwa kamba akashika mkono wa sare, akaufinya.

"Bado kidogo," nikasema.

Hakuniangalia. Alimwita bibi ya ndugu yangu.

"Ikikauka ipige pasi, umpelekee mwenyekiti. Yake imechakaa, na mwili wetu ni mmoja."

Akaingia jikoni akafunga mlango.

Nilivaa koti langu. Yule dada alikuja mpaka kwa pikapu, na nilimwambia kama fundi anavyomwambia mwenye mashine: ile paipu isifungwe tena na kitu chochote, ikifungwa maji hayatoki, maji yasipotoka haikamui.

"Kwani ilikuwa hiyo tu?"

"Hiyo tu."

"Tangu asubuhi? Wakati unakunywa chai?"

Niliwasha gari. Hakuondoa mkono wake dirishani, nikangoja auondoe.