Mkeka wa Kulalia Nyoka

Ikupa alikuwa na miezi michache tu nyumbani kwa mumewe Muharami, fundi cherehani wa Mbeya mjini, na bado alikuwa akikaa kwenye kigoda. Mkeka wa mavyaa wake, Mwanakhamisi mama yake Muharami, ulitosha watu wawili, na wa pili siku zote alikuwa Waridi, jirani mwenye ulimi. Hakuna aliyemkataza Ikupa kukaa; nafasi tu haikuwapo. Lakini binti aliyeacha kwao Rungwe na dini ya kwao kwa ajili ya mume, kigoda humuuma.

Mwaka ule wa 1954 ikaja habari kwamba dada zake Mwanakhamisi wangepanda basi kutoka Iringa baada ya Idi, waje kumtazama mke wa Muharami.

"Watatandikiwa nini?" Waridi alicheka. "Mtoto wa migombani atawawekea majani ya mgomba!"

Waridi alipoondoka, Ikupa akamsogelea mavyaa wake.

"Mama, nifundishe kusuka. Nataka mkeka urefu mara mbili ya huu, na upana mara mbili."

Mwanakhamisi alimtazama kwa upole. Yeye baridi ya Mbeya ilishamvimbisha vidole. Kushona aliweza bado, kusuka kulimshinda. Akamfundisha kusuka ukili, ule utepe mrefu wa ukindu ambao hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka uwe mkeka.

"Huu wako ulikula ukili kiasi gani?" Ikupa aliuliza.

"Pima ishirini," Mwanakhamisi alisema, akanyoosha mikono yote miwili kumwonyesha pima moja.

Basi arobaini, Ikupa akasema moyoni, asimwambie mtu. Akasuka huku maharage yakichemka, akasuka vidole vikichanika, na ukindu wote ulioletwa kutoka Usangu ukaishia hapo hapo kwenye arobaini. Mwanakhamisi akaanza kushona. Siku moja kabla ya wageni kufika, ukili ukamwishia mkononi. Mkeka ulikuwa mrefu kweli, lakini upana ulikuwa ule ule wa zamani.

"Lo!" Waridi, aliyekuwa amekuja kutazama, akapiga makofi. "Mkeka wa kulalia nyoka!"

Ikupa akakimbilia jikoni, akajifunika uso kwa kanga.

"Njoo, mwanangu," sauti ya Mwanakhamisi ilimfuata. "Njoo na kipande cha mkaa."

Kwa mkaa ule akamchorea sakafuni mkeka alioutaka, urefu wake na upana wake. "Haya, tandika wa zamani humo ndani."

Ikupa akautandika, akautia alama, akausogeza mbele. Urefu ukajaa, lakini pembeni kulibaki nafasi kubwa. Akautandika tena huko, na tena.

"Nne," alinong'ona.

"Nne. Wewe uliupa urefu haki yake, upana nao ulikuwa unangoja ya kwake. Ukili hupimwa kwa mikono, mwanangu. Mkeka hupimwa kwa makalio."

Ikupa akacheka huku machozi yanamtiririka. "Na ukindu umekwisha, Mama."

 Mwanakhamisi alichukua kisu, akakata uzi wa mkeka wake wa zamani, ukili ukaanza kufumuka.

"Mama! Wa kwako!"

"Muharami alijifunzia kukaa juu yake. Na wewe je, utaendelea kukaa kigodani?"

Wakashona pamoja, Ikupa akishika, mama akipitisha sindano. Haukufikia mstari wa mkaa, ulipungukiwa robo. Upande mmoja ulikuwa mweupe, mwingine kahawia ya miaka mingi.

Wageni wa Iringa walikaa, wakanyoosha miguu, wakausifu. Ikupa alipokwisha kuwamiminia kahawa alirudi pembeni kutafuta kigoda chake. Alimkuta Waridi amekikalia, magoti yanagusa kidevu.

"Unatafuta nini hapa?" Waridi alimkemea. "Nenda kakae mkekani kwako, mama nyoka!"

Mwanakhamisi alikuwa ameshajisogeza. Ikupa akakaa pale kwenye kahawia, bega kwa bega naye.