Gari Lisilofika Kilwa

Saa nne za usiku boti ya kisiwa cha Kilwa ilikuwa bado haijarudi. Binti yangu Cadette alikuwa ndani yake na magunia matatu ya chisense, wale dagaa wadogo wa ziwa letu la Mweru. Nilikaa karibu na mlango nikisikiliza upepo.

Tulivuka kutoka Congo kwa mtumbwi, tukapitia kambi ya wakimbizi ya Kenani, Cadette akiwa na miaka kumi na mitatu. Kuanika samaki alijifunza hapa Nchelenge, kwa wanawake wa ufukweni. Sasa ana ishirini na mmoja na hakuna anayemshinda. Akikamata chisense kiganjani anajua kama imekauka, na kama ina mchanga. Alinuka samaki kama sisi wote. Hakuna aliyesema, kwa sababu hakuna aliyeisikia harufu hiyo.

Mwezi wa sita likaja sokoni gari la kutangaza mafuta ya kunukia, kipaza sauti kikiwa juu ya paa.

"Mama, unanuka ziwa! Ndiyo maana bwana analala akitazama ukuta!"

"Wangu anatazama ukuta kwa sababu ya pombe!" mwanamke mmoja alijibu, na soko zima likacheka. Cadette hakucheka. Nilimwona akinusa mkono wake.

Alibadilisha beseni zima la chisense kwa chupa moja ya mafuta hayo. Akajipaka asubuhi na mchana, na kwa mikono hiyohiyo akageuza samaki juani. Chisense ikiwa juani hunywa kila kitu. Niliona, nikaendelea kuanika. Nilidhani itaisha.

Mama Memory, mnunuzi wetu kutoka Kitwe, alitia chache mdomoni, akatema.

"Bana Cadette," aliniita, kama wanavyomwita mama wa mtoto hapa, "hizi muliziogesha?"

"Hapana, mama," nilisema.

"Basi muzipeleke kwenye arusi. Mimi ninauza mboga ya ugali."

Cadette alilia. Kesho yake akasema atazipeleka mwenyewe kisiwani Kilwa, kwa wanunuzi wa Congo wanaopita kule. Aliondoka alfajiri, amejipaka.

Usiku huo niliomngoja, karibu saa saba, mlango ulisukumwa. Harufu ya mafuta ilitangulia kuingia, kisha yeye, akiburuta magunia yote matatu.

"Mutoto wangu! Nini ilikukawisha?"

"Injini, mama. Ilizimika katikati ya maji."

"Na samaki?"

"Hakuna mutu aliyezitaka." Aliketi juu ya gunia, akatabasamu. "Lakini harufu waliipenda. Wasichana wa kule waliniuliza, nikawaambia inaondoa harufu ya ziwa. Kumbe hawakujua kama wananuka! Wakaanza kunusa mikono yao. Mama, wanataka chupa kumi."

Nilimtazama. Gari lile la matangazo haliwezi kuvuka maji. Yeye alivuka.

Mabeseni manne ya samaki wa kuanikwa kesho yalikuwa kando ya kitanda changu. Cadette aliinuka, akashika mlango aufunge.

"Acha wazi, harufu itoke," nilimwambia. "Na ukanawe."